UZI: Encyclopaedia Iranica, kabla hujabishana kuhusu Iran pitia hapa kwanza

Msomaji wa Usiku

Wakuu heshima kwenu wote. Nyuzi za Iran humu ndani zimekuwa nyingi mno na karibu zote zinaishia palepale, mtu anaweka bandiko, watu wanagawanyika timu mbili, kurasa zinafika kumi na tano na hamna hata mmoja kaleta chanzo. Mmoja anasema Wairani ni Waarabu, mwingine anaongea kana kwamba nchi ilianza 1979 siku Khomeini, kiongozi wa mapinduzi, anashuka kwenye ndege, wa tatu anabandika maneno ya Koreshi, mfalme wa Uajemi ya kale, aliyotumiwa wasap na watu wanamgongea laiki. Mi naamini humu kuna watu wanataka kujua kweli, kwaiyo leo naweka kitu kimoja tu mezani: Encyclopaedia Iranica. Ipo bure mtandaoni, unaifungua hata kwa simu na bando la kawaida.

Kwa asiyeijua, ni ensaiklopidia ya historia na utamaduni wa Iran pamoja na watu wote wenye lugha za ukoo huo na nchi walizogusana nazo. Maana yake humo utakuta Afghanistan, Tajikistan, Wakurdi, Wabaluchi, Samarkand na Bukhara, Kaukasi, mpaka wafalme wa India waliokuwa wanaendesha ofisi zao kwa Kiajemi. Aliyeianzisha ni profesa Ehsan Yarshater, mzaliwa wa Hamadan 1920, alikuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Columbia pale New York. Kazi ilianza miaka ya 1970, kijitabu cha kwanza kikatoka 1982, makala ya mwanzo kabisa ni Āb yaani maji, wakaendelea hivyo herufi baada ya herufi. Yarshater kafariki Septemba 2018 akiwa na miaka 98 na vitabu vya kuchapwa vilikuwa vimefika K.

Kuna mtu atasema zaidi ya miaka thelathini na mitano kufika K ni uzembe. Hapana. Angalia walivyokuwa wanafanya: hawakumpa mtu mmoja aandike kila kitu, walikuwa wanatafuta yule aliyetumia maisha yake kwenye hiyo mada, awe Paris, awe Tehran, awe Leningrad, wanamwandikia barua, wanamsubiri, wanahakiki kila rejea, wanarudisha. Waandishi wamepita 1,000. Kila makala ina jina la mwandishi chini na orodha ya vitabu alivyotumia, kwaiyo ukitaka kumbishia unajua unambishia nani na kwa ushahidi upi. Hilo peke yake linatosha kunifanya niipende hii kazi.

Sasa mfano. Lile bandiko la Koreshi linalozunguka, linasema alipoingia Babeli alitangaza haki za binadamu za kwanza duniani, akafuta utumwa, akaruhusu kila mtu kuchagua mfalme. Kitu chenyewe kipo, ni pipa dogo la udongo lililoandikwa kikabari (mwandiko wa kale wa alama za kabari) kwa lugha ya Kibabeli, lilifukuliwa Babeli 1879 na sasa lipo British Museum. Soma makala yake kwenye Iranica halafu soma tafsiri ya maandishi yenyewe. Utakuta mungu Marduk amekasirishwa na Nabonido, mfalme wa Babeli, amemtafuta Koreshi, amemshika mkono, Koreshi anaingia mjini mwaka 539 KK bila vita, anarudisha sanamu za miungu kwenye mahekalu yao na watu waliohamishwa kwenye makazi yao. Hapo ndo mwisho. Kufuta utumwa hakumo. Wayahudi hawatajwi, habari yao tunaipata kwenye kitabu cha Ezra. Hii ya "haki za binadamu" ilipigiwa debe sana 1971, Shah, mfalme wa Iran wa wakati huo, alipofanya sherehe kubwa za miaka 2,500 ya ufalme, nakala ya lile pipa ikapelekwa Umoja wa Mataifa. Na mi nasema Koreshi wa kweli, mtawala aliyejua kuongea na watu aliowashinda kwa lugha ya dini yao wenyewe, anavutia zaidi kuliko huyo wa wasap.

Ila utamu wa Iranica kwangu haupo kwa wafalme. Upo kwenye vitu vidogo. Ina makala ya mkate, ina ya paka, ina ya mbwa kwenye dini ya Zarathustra, dini ya kale ya Iran, ina makala ndefu za mazulia zinazokwenda mpaka kwenye rangi na mafundo. Ukimaliza moja unajikuta kwenye ya nne. Karibuni tujadili.

Nyundo Kali

Mkuu nakuheshimu ila hapa lazima niulize. Unatuambia tujifunze Iran kutoka New York? Hiyo kazi imelipiwa na Marekani, imeandikwa Kiingereza, aliyeianzisha alikaa Marekani, na wengi wanaochangia pesa ni waliokimbia nchi baada ya mapinduzi. Mtu aliyefukuzwa nyumbani atakuandikia habari za nyumbani bila kinyongo kweli? Sisi Waafrika ndo tulitakiwa kuwa wa kwanza kuhoji hili, historia yetu yenyewe imeandikwa sana na watu wa nje.

Msomaji wa Usiku

Nyundo Kali swali lako ni la haki na sitalikwepa. Pesa: mwanzoni serikali ya Iran ya wakati ule ndo ilikuwa inasaidia, mapinduzi yalipokuja mfereji ukafungwa, na mwaka huohuo 1979 mfuko wa serikali ya Marekani unaosaidia taaluma za utamaduni, ule wa NEH, ukaanza kuichangia, ukaendelea miaka mingi. Baadaye 1990 ikaundwa taasisi ya kukusanya michango na hapo Wairani wa ughaibuni walitoa sana. Kwaiyo ndiyo, mikono hiyo ipo na msomaji aijue.

Lakini fungua uone nani anaandika. Wapo Wairani waliobaki Iran, wapo wa Urusi kama Dandamayev aliyeandika makala za Wahakamanishi (ukoo wa kifalme wa Koreshi) wakati wa Usovieti kabisa, wapo Wafaransa, Waitaliano, Wajerumani, Waingereza kama Mary Boyce na Bosworth. Hao hawana nyumba waliyofukuzwa Tehran.

Halafu kuna jambo hili nataka ulitafakari. Kabla ya hii ya Kiingereza, Yarshater alikuwa anasimamia ensaiklopidia ya Kiajemi palepale Tehran, ya Iran na Uislamu, ilianza kutoka katikati ya miaka ya 1970. Mapinduzi yakaikuta ipo kwenye herufi ya alifu. Jamhuri ya Kiislamu ilipoamua kutengeneza ya kwake, Daneshname-ye Jahan-e Eslam, walianzia herufi BE, ya pili. Alifu ilishafanywa, wakaendeleza ilipoishia. Watu wa siasa tofauti kabisa, ila kwenye rafu ya vitabu wanafuatana. Na Tehran wana nyingine kubwa ya Kiislamu inayotolewa na kituo kilichoanzishwa miaka hiyohiyo ya 80, kwaiyo asitudanganye mtu kwamba Wairani wamekaa wanasubiri New York iwaandikie.

Fundi Visima

Naomba mtu anieleweshe kuhusu mifereji yao ya chini ya ardhi. Mi nachimba visima Singida na Dodoma, nimesikia wao maji yanatembea kilomita nyingi bila pampu. Iko kwenye hiyo kitu?

Msomaji wa Usiku

Fundi hapo umegusa penyewe. Tafuta KĀRIZ, wengine wanaita qanat. Iko hivi. Wanaanza na kisima kirefu kwenye miguu ya milima ambako udongo una maji, kinaitwa kisima mama. Wakishahakikisha maji yapo na hayakauki wanapima, wanarudi bondeni kule maji yanakotakiwa kutokea, na wanaanza kuchimba handaki kutokea HUKO, kwenye pakavu, wakipanda taratibu kuelekea kisima mama. Kwanini wasianzie kwenye maji? Kwa sababu ukianzia kwenye maji utafanya kazi unaogelea, ukianzia pakavu maji yanakutana nawe mwishoni na yanateremka yenyewe nyuma yako. Mteremko unakuwa mdogo sana, ukizidi maji yanakula sakafu na handaki linaporomoka, ukipungua hayatembei.

Kila baada ya mita kadhaa wanatoboa shimo la wima kutoka juu, hilo ndo la kupitishia hewa na kuvutia udongo kwa kamba na gurudumu la mbao. Ukiangalia kwa picha za angani unaona mstari wa vishimo vimezungukwa na udongo, vinapita jangwani. Wa Gonabad, unaitwa Qasabeh, una urefu wa kilomita 33 na bado unatoa maji. UNESCO waliingiza kariz 11 za Iran kwenye urithi wa dunia 2016.

Sasa kilichonishika mimi ni ugawaji. Maji hayagawanywi kwa ndoo, yanagawanywa kwa MUDA. Kuna bakuli dogo la shaba lina tundu chini, linawekwa juu ya maji kwenye chombo kikubwa, linajaa pole pole mpaka linazama, kuzama mara moja ni kipimo kimoja. Mzee wa maji anakaa hapo usiku na mchana anahesabu, bakuli zako zikiisha mfereji unafungwa kwako unafunguliwa kwa jirani. Haki hiyo inarithiwa, inauzwa, inatolewa wakfu, inagawanywa vipande vidogo vya ajabu. Kijiji kizima kinaishi kwa hesabu za bakuli.

Fundi Visima

Aisee. Kuanzia pakavu, hiyo akili. Na kuhusu hewa nilitaka kuuliza umeshajibu, sisi hapa mita 20 tu ukishuka na mshumaa unazimika unatoka mbio. Wao wanalengaje handaki lisipinde gizani?

Msomaji wa Usiku

Taa Fundi. Wanaweka taa za mafuta nyuma yao kwenye mstari, anayechimba akigeuka akaona zimejipanga anajua yupo sawa. Na hiyohiyo taa ikianza kufifia ni onyo la hewa, sawa na mshumaa wako.

Mzee wa Muscat

Salaam aleikum jamaa. Mimi nipo Muscat miaka mingi, kwetu asili Mombasa. Nachangia kwa upande wa Wabaluchi maana huku ni majirani zetu na kule nyumbani tunao pia, wajukuu wa askari wa Kibaluchi waliokuja na utawala wa Oman wakakaa Fort Jesus na Unguja. Siku zote nilikuwa nikisikia hadithi za vijiweni tu kuhusu walikotoka. Makala ya BALUCHISTAN kwenye Iranica ni kama kitabu, ina jiografia, ina historia, ina mpangilio wa koo, halafu sehemu ya lugha na mashairi yao inajitegemea. Kijana wa jirani yangu Mbaluchi nilimwonyesha akakaa nayo mpaka alfajiri. Nchi yao imegawanyika Iran, Pakistan na Afghanistan, na hakuna hata moja katika hizo tatu inayowaandika kwa urefu huo shuleni. Kwa hiyo ndugu Nyundo Kali, wakati mwingine kazi inayokaa nje ya mipaka ndiyo inayompa nafasi mtu wa pembezoni.

Binti Kizimkazi

Na sisi Washirazi jamani? Bibi yangu mpaka anafariki alikuwa anasema sisi ni Washirazi, chuo tukaambiwa hizo ni hadithi za watu waliotaka kujitenga na Uafrika, sasa hivi tena naona watu wanasema damu imepimwa ikakutwa ya Kiajemi. Nishike lipi? Hiyo Iranica inasemaje?

Magofu

Dada ngoja nikujibu mimi maana ndo mambo ninayosomea. Iranica ina makala ya EAST AFRICA inayohusu uhusiano wa Waajemi na pwani yetu, Somalia, Kenya, Tanzania na Zanzibar. Iko herufi E, maana yake imeandikwa miaka ya 1990, na hapa watu wote wajifunze kitu, KILA MAKALA ISOMWE NA UMRI WAKE. Za A na B zimeandikwa miaka ya 80, nyingine zimesasishwa nyingine hazijaguswa.

Wakati ule hoja zilikuwa hivi. Kuna habari za Kilwa zinazosimulia Ali bin Hasan na ndugu zake kutoka Shiraz, mji wa Iran, kwa merikebu. Kuna msikiti wenu pale Kizimkazi, maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) kwenye kibla, mwaka 500 Hijria yaani 1107. Kuna vigae vya vyungu kutoka Ghuba ambavyo tunavikuta kuanzia Lamu mpaka chini kusini, na bandari ya Siraf kwenye pwani ya Iran ilikuwa inafanya biashara na huku. Lakini uchimbaji, hasa wa Shanga kule kisiwa cha Pate miaka ya 80, ukaonyesha miji yetu haikuletwa na meli, ilikua hapahapa kutoka kwenye vijiji vya Waafrika waongeao Kiswahili, msikiti wa mwanzo kabisa ukiwa mdogo wa miti na udongo, unajengwa upya juu yake mara nyingi. Wasomi wakaegemea kwamba Ushirazi ni utambulisho wa heshima, si damu.

Halafu 2023 ukatoka utafiti wa DNA kwenye jarida la Nature, mifupa ya watu 80 wa zamani, Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na kwingine. Wengi wa watu wa miji hiyo ya pwani upande wa mama ni Waafrika karibu wote, na upande wa baba kuna mchango mkubwa wa Asia ambao kwa zama za mwanzo ni wa Uajemi kwa sehemu kubwa, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Kwaiyo bibi yako hakuwa anajitungia dada yangu. Na chuo nao hawakukosea kusema mji, lugha na ustaarabu ni wa hapa. Walifika wanaume wafanyabiashara, wakaoa, watoto wakalelewa na mama zao na lugha ya mama zao. Tahadhari moja, wengi wa waliopimwa walizikwa karibu na misikiti na kwenye makaburi ya wenye uwezo, usichukue ukasema kila mtu wa pwani yuko hivyo.

Binti Kizimkazi

Ahsante sana kaka Magofu, nimeisoma mara mbili. Hili jambo lina uzito kwetu, huku Unguja Ushirazi umeingia mpaka kwenye jina la chama, Afro-Shirazi 1957, watu wamependana na kuchukiana kwa ajili yake. Mtu kukueleza bila kukutukana asili yako ni adimu.

Nyundo Kali

Nakubali makala ya Baluchistan na hii ya pwani zimenigusa. Ila Magofu kanipa silaha, kama makala nyingine zina miaka arobaini basi ni hatari kumwambia mtu "pita hapa kwanza". Na sasa mwenye kazi kafariki nani anaendeleza?

Msomaji wa Usiku

Ndo maana nasema pita hapa KWANZA, sijasema ishia hapa. Unapata msingi, unapata orodha ya vitabu, unajua watu walikuwa wanabishania nini, baada ya hapo unatafuta kilichoandikwa karibuni.

Kuhusu nani anaendeleza, iliumiza. Baada ya mzee kuondoka, ile taasisi ya michango na Columbia walifikishana mahakamani New York kugombania jina na haki za kazi. Kazi yenyewe imeendelea Columbia kwenye kituo ambacho sasa kina jina la Yarshater, na toleo la mtandaoni linatolewa na wachapishaji Brill wa Uholanzi. Makala mpya zinawekwa bila kusubiri zamu ya herufi, ndo maana SHIRAZ na NOWRUZ (mwaka mpya wa Kiajemi) unazikuta wakati vitabu vilikwama K.

Kwa wanaoanza: majina wanayaandika kwa herufi zenye vidoti na vistari, usihangaike navyo, andika kawaida itakuletea. Ukikosa jina la Kiajemi jaribu la Kiingereza, maana mkate, mazulia na kalenda zimekaa kwa Kiingereza. Shuka mpaka chini uone tarehe ya kuchapwa kabla hujanukuu.

Binti Kizimkazi

Swali la mwisho maana umetaja Nowruz na kalenda. Sisi Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya Makunduchi, ni Julai, watu wanachoma banda, wanapigana kwa migomba, na wazee wanasema ni Nairuzi. Iran Nowruz ni Machi. Kama ni kitu kimoja mbona tumeachana miezi minne?

Magofu

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Fungua CALENDARS. Kalenda ya zamani ya Uajemi ilikuwa na miezi 12 ya siku 30, ukiongeza siku 5 mwishoni unapata 365, hamna mwaka mrefu. Mwaka wa jua una siku 365 na robo, kwaiyo kila miaka minne Nowruz ilikuwa inarudi nyuma siku moja, ukikaa karne kadhaa imezunguka majira yote. Iran walichoka na hilo, mwaka 1079 sultani Malik Shah akaweka jopo la wanajimu akiwemo Omar Khayyam, wakaifunga Nowruz kwenye siku ya Machi ambayo usiku na mchana vinalingana.

Ila mabaharia wa Bahari ya Hindi wao waliendelea na ile ya siku 365 kavu, maana wanachotaka ni kuhesabu siku tangu Nairuzi wajue kaskazi na kusi zinakuja lini, wanahesabu kwa kumi kumi na kwa mia. Hiyo ndo ilifika kwetu. Na hatuko peke yetu, wale Wazoroastria (wafuasi wa Zarathustra) wa India wanaoitwa Waparsi wana kundi la Kadmi ambao hesabu yao haiongezi siku wala mwezi, mwaka mpya wao unaangukia katikati ya Julai, jirani kabisa na Makunduchi. Kundi lao kubwa liliwahi kuongeza mwezi mmoja zamani, ndo maana wao ni Agosti. Kwaiyo dada, Iran ndo waliohama, nyie mmebaki na hesabu ya zamani.